Kupima, dodoso, mahojiano au rekodi zilizopo: njia ipi ya utafiti wa mwisho kwa mwanafunzi wa sayansi ya michezo?

Kijana wa mwaka wa tatu alinifuata pembeni ya uwanja akiwa na daftari mkononi. Ukurasa mzima ulikuwa na mstari mmoja tu: "Kupasha misuli na majeraha kwa wachezaji wa mpira wa miguu wa shule za sekondari." Msimamizi wake alikuwa amemwambia kwamba mada ni nzuri ila ni pana mno, aende akaifunge.

"Kaka, naifungaje?"

Nikamuuliza ana wiki ngapi. Kumi na nne mpaka siku ya kukabidhi ripoti. Ana fedha gani? Bumu, na nusu yake ilikuwa imeshalipia chumba. Ana watu gani? Timu mbili za shule, na kocha wa mojawapo aliwahi kumfundisha yeye mwenyewe. Majibu hayo matatu yalianza kuifunga mada yake kabla hatujafungua chapisho lolote.

Nimekaa na wanafunzi wengi wa sayansi ya michezo na elimu ya viungo katika kipindi hiki cha utafiti wa mwisho. Wengi huanza na mada, kisha njia ya kukusanya data huja kwa kuiga ripoti ya mwaka jana iliyomo kwenye flashi ya rafiki. Nami nilifanya hivyo. Lakini njia ndiyo inayoamua kama utakuwa na kitu cha kuandika kwenye sura ya nne. Kwa hiyo nitaichukua mada ya kijana yule na kuipitisha kwenye njia nne: kupima uwanjani, kugawa dodoso, kufanya mahojiano, na kutumia rekodi ambazo tayari zipo. Kila mahali nitauliza mambo mawili. Data ikipotea leo, unaweza kuipata tena wiki ijayo? Na je, kifaa chako kinaweza kuona tofauti unayoitafuta, au tofauti hiyo ni ndogo kuliko makosa ya kifaa?

Kupima: wiki nane au siku mbili

Neno "kupima" linabeba tafiti mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza ni programu ya mazoezi. Unagawa wachezaji makundi mawili, unawapima, kundi moja linafanya mazoezi mapya kwa wiki sita hadi nane, halafu unawapima tena. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu inafanana na sayansi wanayoisoma darasani. Ndiyo niliyoifanya mimi. Nilianza na wachezaji 26, kumi na watatu kila kundi. Wiki ya tatu shule ikaingia kwenye mitihani ya majaribio. Wiki ya tano masika yakaanza. Siku ya kupima mara ya pili walikuja 15, na kundi moja lilikuwa limebaki na watano. Uwanja ulikuwa tope tupu, na saa yangu ikaonyesha kwamba vijana niliowafanyisha mazoezi walikimbia polepole kuliko walivyoanza. Sikuwa na namna ya kurudia. Ripoti niliitetea na nikafaulu, lakini swali langu halikupata jibu, na vijana wale walikuwa wakiamka alfajiri kwa wiki nane kwa ajili yangu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Hata kama mvua isingenyesha, hesabu zilikuwa dhidi yangu tangu mwanzo. Programu ya bure ya G*Power inakuonyesha: kwa kiwango cha kawaida cha 0.05 (nafasi ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo) na uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti, makundi mawili tofauti yanahitaji watu 64 kila moja ili uone tofauti ya ukubwa wa kati. Hata tofauti kubwa inataka watu 26 kila kundi. Nilikuwa na 13.

Na kama unachotaka kukihesabu ni majeraha yenyewe, nakuomba usijaribu. Programu ya kupasha misuli iitwayo FIFA 11+, yenye mazoezi 15 yanayochukua dakika 20 hivi, ilijaribiwa nchini Norwei kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Wachezaji waliohesabiwa walikuwa 1,892, wakafuatiliwa msimu mzima wa miezi minane. Majeraha kwa jumla yalipungua kwa takribani theluthi moja. Lakini kwa majeraha ya miguu peke yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa kipimo kikuu cha watafiti, tofauti haikufikia kiwango cha kuthibitika kitakwimu. Hao walikuwa na karibu wachezaji elfu mbili na miezi minane. Wewe una timu mbili na wiki sita. Huenda katika muda huo ukaona vifundo vya miguu viwili vilivyoteguka na goti moja. Kwa matukio matatu huwezi kusema lolote kuhusu programu.

Utafiti wa pili wa kupima ndio ninaoutetea kwa moyo wangu wote: kila mchezaji ajilinganishe na yeye mwenyewe. Jumanne nusu ya timu inapasha misuli kwa kunyoosha viungo ikiwa imesimama mahali pamoja, nusu nyingine kwa kukimbia, kuinua magoti na kurukaruka. Wote wanapimwa urefu wa kuruka. Ijumaa wanabadilishana. Kwa kuwa mtu analinganishwa na nafsi yake, tofauti za umri, uzito na kipaji hazikusumbui tena, na ukubwa wa sampuli unashuka: kwa tofauti ileile ya ukubwa wa kati unahitaji watu 34 kwa jumla badala ya 128. Mvua ikinyesha Ijumaa, unahamishia wiki ijayo. Watano wakikosa, unawaita siku nyingine. Hapo swali langu la kwanza lina jibu zuri.

Swali la pili, la kifaa, linataka umakini zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia bila kujua.

Urefu wa kuruka unaweza kuupata kwa simu. Unarekodi video ya miguu, unatafuta picha ambayo vidole vinaachana na ardhi, kisha picha ambayo vinagusa tena, na unapata muda wa kukaa hewani. Zidisha muda huo kwa wenyewe, zidisha kwa 9.81, gawanya kwa 8. Aliyekaa hewani nusu sekunde ameruka sentimita 30.7. Sasa chukua simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde. Ukikosea picha moja tu, umeongeza sekunde 0.033, na yule mtu wa sentimita 30.7 anakuwa wa 34.9. Umekosea sentimita nne. Chukua simu yenye mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde: kosa la picha moja linakupeleka sentimita 31.2, yaani nusu sentimita tu.

Tofauti unayoitafuta ni ya ukubwa gani? Machapisho yanaonyesha kwamba kunyoosha msuli mmoja kwa zaidi ya sekunde 60 huku umesimama hupunguza nguvu kwa asilimia chache tu. Asilimia nne ya sentimita 30 ni sentimita 1.2. Simu ya kwanza haiwezi kuiona tofauti hiyo hata ungekuwa na moyo safi kiasi gani. Ya pili inaweza. Kumbe utafiti mzima umesimama juu ya mpangilio mmoja wa kamera, na simu ya namna hiyo unaweza kuiazima kwa rafiki kwa siku mbili.

Stopwochi ya mkononi ina ugonjwa huohuo. Kwenye riadha, muda wa mita 100 uliopimwa kwa mkono umekuwa ukiongezewa sekunde 0.24 ili kuulinganisha na ule wa umeme, kwa sababu kidole huchelewa kubonyeza mwanzoni. Kwenye mita 20 za kasi, mabadiliko ya mchezaji yanaweza kuwa madogo kuliko uchelewaji wa kidole chako. Ukikosa vifaa vya umeme, achana na mbio fupi, nenda kwenye vipimo virefu ambako sekunde moja haiharibu kitu. Mbio za bipu, za kwenda na kurudi, zinataka koni, mita 20 zilizopimwa kwa futi kamba, na sauti ya kuongoza: mwendo unaanza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kila dakika. Kipimo cha dakika 12 cha daktari Kenneth Cooper, cha mwaka 1968, kinataka uwanja na filimbi tu. Unachukua mita alizokimbia mtu, unatoa 504.9, unagawanya kwa 44.73. Aliyefika mita 2,400 anapata kama 42.4, na hicho ni kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili wake unaweza kutumia, kwa mililita, kwa kila kilo ya uzito, kwa dakika. Kumbuka tu kwamba kanuni hiyo ilitokana na wanajeshi wa anga wa Marekani. Kwa wasichana wa kidato cha pili, ripoti mita walizokimbia na uishie hapo.

Jambo moja zaidi la kupima: saa na mahali visibadilike. Saa moja asubuhi na saa tisa alasiri Dar es Salaam ni hali ya hewa mbili. Iten, nchini Kenya, iko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Matokeo ya huko usiyaweke kwenye jedwali moja na ya Tanga kana kwamba hewa ni ileile. Na ukiwa pwani, angalia kalenda ya Ramadhani kabla ya kuandika tarehe za kupima.

Dodoso: rahisi kugawa, ngumu kuuliza

Dodoso ndilo chaguo la wengi, na sababu zake ni za haki. Wiki moja inatosha kukusanya. Karatasi zikilowa, unachapisha nyingine. KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya dodoso, haina malipo kwa mwanafunzi na inafanya kazi kwenye simu hata bando likiisha. Utatuma majibu ukipata mtandao. Kwa swali la data kupotea, hakuna njia iliyo salama kuliko hii.

Tatizo liko kwenye maneno. Kijana yule alikuwa ameshaandika swali lake la kwanza: "Umewahi kupata jeraha msimu huu?" Tukamwita beki mmoja aliyekuwa akitembea kwa kuchechemea, tukamsomea.

"Hapana mwalimu, sina jeraha," akasema, akijitazama mguuni kutafuta damu. "Goti tu ndiyo linauma, toka mwezi uliopita."

Kwake, na kwa watu wengi, jeraha ni kidonda. Goti linalouma mwezi mzima si jeraha. Nyama za paja zilizokaza si jeraha. Ungegawa dodoso lile kwa wachezaji 200 ungepata asilimia nzuri, ukachora grafu ya rangi, na yote yangekuwa si kweli. Dawa ni kuuliza kuhusu kucheza badala ya jina la ugonjwa. Kituo cha utafiti wa majeraha ya michezo cha Oslo kina dodoso fupi la maswali manne ya kila wiki, na yanahusu mambo haya: je, umeshindwa kushiriki, umepunguza mazoezi, uwezo wako umeshuka, una maumivu? Beki yule angenaswa kwenye maswali yote manne.

Neno "mazoezi" lina mtego wa namna hiyohiyo. Mwanafunzi anayechunguza shughuli za mwili kwa kinamama huuliza, "Unafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki?" Mama anayetembea dakika 40 kila siku kwenda sokoni anajibu kwamba hafanyi. Dodoso la kimataifa la shughuli za mwili, lile la siku saba zilizopita, linaipa kila dakika ya kutembea alama 3.3, kwa hiyo mama huyo ana 3.3 × 40 × 7, yaani 924 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Yeye ana dakika 280 kama mwendo wake ni wa haraka. Amevuka kiwango cha chini, na dodoso baya limemwandika kama mtu asiyejishughulisha.

Kisha kuna ile kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ambayo karibu kila ripoti inainakili. Una wachezaji 400, kosa unaloliruhusu ni 0.05, kanuni inakupa 200. Hesabu ni sahihi. Lakini kanuni inadhani kwamba una orodha ya wale 400 na umewachagua kwa kura. Ukigawa kwa waliokuwepo kwenye mgahawa siku hiyo, namba 200 haikupi ulinzi wowote. Heri 90 waliochaguliwa kutoka kwenye orodha halisi ya timu sita, ukasema wazi kwamba ni hao tu.

Kwa mada ya kijana wetu, dodoso zuri lingejibu: wachezaji wangapi wanapasha misuli kabla ya mechi, kwa dakika ngapi, nani anawaongoza, na wangapi wamekosa mazoezi kwa maumivu wiki iliyopita. Ni picha ya hali ilivyo. Haiwezi kusema kwamba kupasha misuli kumezuia chochote, na anayeandika hivyo kwenye hitimisho atabanwa na jopo.

Mahojiano: usiende huko kwa kukimbia hesabu

Nasikia mara nyingi: "Mimi hesabu hazipandi, nitafanya mahojiano." Namwelewa anayesema hivyo, lakini anakwenda kwenye kazi nzito kuliko aliyoikimbia.

Saa moja ya mazungumzo inachukua kati ya saa nne na sita kuiandika neno kwa neno. Watu kumi, dakika arobaini na tano kila mmoja, ni wiki nzima ya vipokea sauti masikioni. Halafu kwenye vyuo vyetu vingi ripoti inaandikwa kwa Kiingereza na watu wameongea Kiswahili. Kocha amesema mchezaji wake "amekufa kifundo" au "nyama imevuta", na wewe ndiye unayepaswa kuamua maana yake kwa lugha nyingine bila kuibadilisha. Ushauri wangu ni kuchanganua ukiwa kwenye Kiswahili, na kutafsiri zile nukuu chache tu zitakazoingia kwenye ripoti. Ukitafsiri kwanza, unaanza kuchanganua maneno yako mwenyewe.

Lakini ikifanywa vizuri, njia hii inaleta vitu ambavyo nyingine haziwezi kuvifikia. Tulikwenda pamoja kwa kocha yule wa shule, mtu wa makamo, filimbi shingoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mmekuja kunipima?"

Tukamweleza tunataka kujua jinsi anavyowaandaa vijana wake. Akasema dakika tano. Kijana akaandika "dakika 5" na kutaka kuendelea na swali jingine. Nikamgusa mkono asubiri. Kocha akanyamaza kidogo, akatazama uwanja, kisha akaeleza: darasa linakwisha saa tisa na nusu, timu ya pete inachukua uwanja saa kumi na nusu, na nusu ya vijana wake hawajala tangu asubuhi. Akipasha misuli dakika ishirini, mpira utachezwa lini? "Ile programu yenu naijua," akasema, "nilifundishwa kwenye kozi. Sina uwanja wa kuifanyia."

Kwenye dodoso angeweka tiki kwenye "chini ya dakika 10" na sisi tungeandika kwamba makocha hawana elimu. Elimu anayo. Kinachokosekana ni saa moja ya uwanja na chakula cha mchana. Kwa swali linaloanza na "kwa nini", sijaona njia inayoshinda hii.

Wengi hutumia utaratibu wa hatua sita wa Virginia Braun na Victoria Clarke wa mwaka 2006 kupata dhamira, na ni mzuri kama utazifuata hatua zote badala ya kutaja majina yao tu. Kuhusu data kupotea: simu ikiibiwa kabla hujahamisha sauti, mtu anaweza kukubali kuongea tena, lakini ule ukimya wa kocha na yale yaliyofuata hayatarudi. Hamisha sauti jioni ileile, na uifunge kwa nenosiri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019, na sauti ya mtu akieleza maumivu yake ni taarifa binafsi.

Rekodi zilizopo: njia inayosahaulika

Hapa mada ya kijana wetu haipiti. Majeraha ya wachezaji wa shule hayaandikwi popote ambapo ungeweza kuyapata. Lakini kwa mwanafunzi ambaye bado hajafunga mada, nasikitika kila ninapoona njia hii imeachwa, kwa sababu Afrika Mashariki imejaa data ya michezo inayosubiri mtu.

Septemba 2025 mjini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Muda wa kila mkimbiaji kwa kila kilomita tano huchapishwa baada ya mashindano kama hayo. Unaweza kuuliza: wanaomaliza kwenye kumi bora wanagawaje kasi yao, wakilinganishwa na wanaomaliza nyuma? Kasi yao inayumba kiasi gani kati ya kilomita ya 30 na ya 40? Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho pale Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.2; swali la kukimbia mbele au kusubiri nyuma limekuwa letu kwa miaka hamsini, na linaweza kujibiwa kwa namba.

Ama chukua Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Timu 16 zikikutana nyumbani na ugenini ni mechi 240 kwa msimu. Misimu mitatu ni mechi 720. Ni pointi ngapi kati ya zote zilizopatikana zilikwenda kwa timu za nyumbani? Je, umbali wa safari unaongeza faida hiyo? Utafiti wa namna hii hauhitaji koni, nauli ya bajaji wala mtu wa kukosa kufika. Data ikipotea, unaipakua tena usiku huohuo. Kosa la kifaa ni dogo. Gharama yake ni subira ya kujaza jedwali kwa usahihi, na uwezo wa kutulia na programu za takwimu kama jamovi au JASP, ambazo zote ni za bure.

Upungufu wake ni kwamba hutagusa mwili wa mtu yeyote, na kama unataka kuwa mkufunzi wa viungo au mtaalamu wa tiba ya michezo, unakosa nafasi ya kujifunza kupima. Hilo si dogo. Mapitio ya kimfumo ya machapisho nayo ni ndugu wa njia hii, kwa mwongozo wa PRISMA wa 2020, lakini yanataka mtu wa pili wa kuhakiki uchaguzi wako na machapisho mengi ambayo yamefungwa kwa malipo. Kwa shahada ya kwanza, peke yako, ningekuambia usubiri.

Vibali, wiki na fedha

Kwa kalenda ya wiki 14, tofauti kubwa haiko kwenye siku za kukusanya data, iko kwenye barua. Ukiingia shuleni Tanzania, barua ya chuo kwa kawaida inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha afisa elimu, ndipo mkuu wa shule. Kenya, uliza idara yako mapema kama unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tenga wiki tatu hadi nne. Wachezaji walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi kwa maandishi na kukubali kwao wenyewe, na fomu hizo hukaa kwenye mabegi. Mwanafunzi anayetumia rekodi za wazi anaanza kazi wakati wenzake bado wako kwenye foleni ya ofisi. Anayepima wachezaji wa klabu ya watu wazima, au wanachuo wenzake, anaokoa wiki mbili pia.

Kwa upande wa fedha, dodoso la karatasi linaweza kula kuliko kupima. Nakala 200 za kurasa nne ni kurasa 800 steshenari. Kupima kwa siku mbili ni maji ya kunywa, nauli, koni za kuazima na sanduku la huduma ya kwanza ambalo lazima liwepo. Mahojiano ni nauli na muda wako. Rekodi ni bando.

Nikilazimika kuchagua kwa niaba ya mtu nisiyemjua: mwenye wachezaji 35 hadi 40 wa kuwafikia mara mbili, apime kwa mtindo wa kujilinganisha na nafsi. Asiye na timu lakini ana kompyuta, achukue rekodi. Mwenye makocha wanaomwamini, na subira ya kusikiliza, afanye mahojiano. Dodoso ningempa mwenye orodha halisi ya watu na wiki mbili za kulijaribu kwa wachache kabla ya kulichapisha. Programu ya wiki nane ningemwachia mwanafunzi ambaye tayari ni kocha wa timu anayoichunguza, maana wachezaji watakuja hata yeye asipokuwa na utafiti.

Kijana yule alichukua siku mbili. Timu mbili zilimpa majina 41, na kocha akakubali kumwachia nusu saa ya kwanza ya Jumanne na Ijumaa. Kabla ya yote tulijaribu simu kwa wachezaji watano. Ilikuwa juu ya tofali, imelala usawa wa ardhi, ikitazama viatu. Tukagundua kwamba wawili wanatua wakiwa wamekunja magoti, jambo linaloongeza muda wa hewani na kuwapa urefu ambao hawakuuruka. Akaongeza kwenye maelekezo yake: tua kwa vidole, magoti yamenyooka kama ulivyoondoka, ukikunja, unarudia.

Ijumaa alipeleka pendekezo kwa msimamizi. Kichwa chake kipya kilikuwa kinalinganisha athari ya namna mbili za kupasha misuli kwenye urefu wa kuruka kwa wachezaji wa shule mbili. Neno majeraha halikuwemo tena.